Nyumba ya ufukweni Kibirizi inauzwa bei chee, benki wanasema bima itabeba: ninunue?

Swali nalifupisha ili na wengine mfuate. Dada mmoja ni mwalimu, kwao Kigoma ila yuko Dodoma kikazi, amepata nyumba Kibirizi, hapa Kigoma ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, vyumba vinne, tofali za kuchoma, bati bado zuri, na kutoka ukutani mpaka majini amehesabu kama hatua mia hivi. Muuzaji anataka milioni 45, wakati nyumba ya namna hiyo hiyo huku juu Mwanga ameambiwa milioni 80. Alienda kuiona Oktoba, kukavu kabisa, dalali akamwambia maji ya ziwa yaliyopanda na kufurika miaka ile yameshaondoka hayo, hayarudi. Benki wako tayari kumpa mkopo wa miaka 15 na afisa mikopo kamtoa wasiwasi kwamba nyumba itakatiwa bima. Anauliza: "Kaka, kama bima ipo, hayo mafuriko yananihusu nini mimi? Si watanilipa?"

Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla hujalipa, maana wengi wanakuja wakiwa wameshatoa hela. Mi nafanya ubroka wa bima hapa Kigoma, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye uthamini wa majengo, kwa hiyo bei ya nyumba na bima ya nyumba kwangu ni habari moja na nitakujibu hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba kwa nyumba hiyo bima inaweza isikulipe kabisa kwa kile kitu hasa unachokiogopa, au ikakulipa mara moja halafu ikakuacha hapo na deni lako. Bima inalipa tukio, kitu cha ghafla, kilichotokea ndani ya mwaka wa mkataba na kilichoandikwa kwenye polisi, yaani hati ya mkataba wa bima. Ziwa letu halina tabia hiyo.

Anza na hesabu ya muda tu. Mkopo wako ni miaka 15. Bima ya nyumba ni mkataba wa miezi 12, ukiisha umeisha, kampuni haidaiwi kukukatia tena. Wanaweza kukupandishia premiamu, ile ada ya bima, wanaweza kuongeza masharti, wanaweza kukwambia moto tunabeba ila mafuriko tunayatoa, au wakakwambia basi, hii hatuitaki. Sasa wakifanya hivyo mwaka wa nne wewe bado una marejesho ya miaka 11, na mkataba wa mkopo bado unakutaka nyumba iwe na bima muda wote, hapo unakuwa umebanwa huku na huku, benki wanataka bima na wenye bima hawaitaki nyumba yako. Na wala sio roho mbaya ya kampuni ya hapa, kampuni zetu nazo zinagawa huo mzigo kwa kampuni za bima mtawanyo, yaani zinazozikatia bima kampuni za bima zenyewe, TAN-RE, ZEP-RE, Africa Re, na hizo nazo zinaupeleka mbele zaidi huko duniani, kwa hiyo mwaka ukiwa mbaya sehemu za mbali kabisa, vimbunga na moto wa misitu, bei inaweza ikakufuata mpaka Kibirizi.

Wenzetu wameshayaona haya. Mei 2023 State Farm, kampuni kubwa ya bima za nyumba Marekani, ilisimamisha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba jimbo la California, ikataja gharama za ujenzi, ongezeko la majanga na ugumu wa soko la bima mtawanyo. Nyumba zilikuwepo, hela za watu zilikuwepo, ila kava, yaani kinga ya bima, ikawa ngumu kupatikana. Huko huko Marekani polisi ya kawaida ya nyumba haibebi mafuriko, ndiyo maana serikali yao ina mpango wake wa bima ya mafuriko tangu 1968. Uingereza nao 2016 walianzisha Flood Re, mfumo ambao kampuni zote zinachangia ili nyumba za mabondeni zipate bima kwa bei inayolipika, ila nyumba zilizojengwa kuanzia 2009 hawazipokei, makusudi kabisa, ili watu wasiendelee kujenga kwenye maji wakijua kuna mtu atalipa. Sisi mwenye nyumba wa kawaida hana mfuko wa namna hiyo wa kukimbilia. Ukiachwa umeachwa.

Haya, tuje kwenye polisi yenyewe. Ile bima ya moto ya kawaida inabeba moto, radi na mlipuko wa gesi ya nyumbani, basi. Dhoruba, mafuriko, tetemeko, bomba kupasuka, gari kugonga ukuta, ghasia, hivyo vyote ni vya kuongezwa, na kuongezwa maana yake vimeandikwa kwenye karatasi yako na umevilipia. Afisa mikopo akikwambia "nyumba itakatiwa bima" muulize bima ipi, maana wapo watu wamelipa miaka wakiamini wana kava ya mafuriko kumbe wana moto tu. Na hata mafuriko yakiwepo soma tafsiri yake mpaka chini, polisi nyingi zinasema mafuriko ni maji kutoka nje ya mipaka yake ya kawaida, mto au ziwa, halafu mstari wa chini yake unaondoa hasara inayotokana na kupanda kwa maji ya chini ya ardhi peke yake, na unaondoa uchakavu wa taratibu, na unaondoa ardhi kutitia.

Sasa niambie, maji ya ziwa yanaingiaje ndani ya nyumba ya Kibirizi? Hayaji kwa kishindo. Kwanza choo kinaanza kugoma, shimo limejaa na hata mvua haijanyesha wiki hiyo. Kisha sakafu ya chumba cha nyuma inatoa jasho, ukitandika mkeka asubuhi umelowa kwa chini. Rangi inabanduka pale chini ya ukuta, tofali zinatoa unga mweupe, mlango wa mbao unavimba haufungi, na maji yenyewe yakija kusimama sebuleni nyumba ilishaumwa miezi mitatu. Kuna mzee mmoja mteja wangu yalimkuta hivyo 2021. Fomu ya madai ina kisanduku kinauliza tarehe na saa ya tukio, mzee wa watu akaandika kwa mkono wake "kuanzia Februari hadi Mei". Ni kweli tupu aliyoandika, na ndiyo iliyomwangusha, kampuni ikajibu hilo sio tukio, ni hali, na chanzo ni maji ya ardhini. Tulibishana nao kwa barua sana, kilichokuja kulipwa ni ukuta wa uzio tu ambao kweli ulipigwa na mawimbi usiku mmoja wa upepo. Nyumba yenyewe akaibeba mwenyewe. Iliniuma sana, maana alikuwa halazi premiamu hata siku moja.

Na jambo jingine ambalo watu hawalifikirii, kiwanja hakikatiwi bima. Bima ni ya jengo. Ziwa likikaa juu ya kiwanja chako miaka miwili, hakuna polisi ya nyumba inayokulipa ardhi, na benki haijali kama dhamana yao iko nchi kavu au iko majini, marejesho ni yale yale tarehe ile ile.

Dalali kukwambia maji hayarudi, hapo sina budi kumpinga kabisa. Tanganyika ni kama beseni kubwa lenye tundu moja dogo pembeni. Maji yanaingia kutoka Malagarasi, kutoka Rusizi, kutoka vijito chungu nzima, ila mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji hata haitoki kwa huo mto, inapotea kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo mvua zikizidi mfululizo miaka miwili mitatu ziwa linapanda na kushuka kwake ni kwa taabu, miaka. Lilipanda sana miaka ya mwanzo ya sitini, zile mvua baada ya Uhuru ambazo wazee bado wanazisimulia, likapanda tena 2020 na 2021 mpaka karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, watu wakasema basi limeshamaliza, 2024 likarudi, Bujumbura na Gatumba kwa jirani zetu watu wakahama mitaa mizima, na huku kwetu mialo na majengo ya ufukweni yakalowa. Na ukienda nyuma zaidi, karne ya 19, Lukuga ulizibwa na mchanga na matete, ziwa likajaa mpaka 1878 hivi lilipouvunja ule uzibe, miaka iliyofuata likashuka kama mita 10. Nenda pale Ujiji kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, wale walikutana 1871 ufukweni, leo ukisimama pale ziwa liko mbali mita mia kadhaa. Maana yake ni nini? Nchi kavu yote iliyo kati ya mnara na maji, ziwa liliwahi kuwa na la kusema juu yake. Huko ndiko watu wanakouziana viwanja.

Halafu kuna hii ya msimu ambayo inakuhusu wewe moja kwa moja. Kila mwaka, hata mwaka wa kawaida, ziwa linapanda mpaka Aprili Mei na linashuka mpaka Oktoba Novemba, tofauti inakaribia mita moja. Wewe umeenda Oktoba. Yaani umeonyeshwa nyumba siku ambayo maji yako chini kuliko wakati wote wa mwaka. Rudi Mei mwanzoni, au kama huwezi mtume ndugu, apime kwa futi sio kwa hatua. Ufukwe ukiwa umelala, mita moja ya maji kupanda juu inaweza ikala mita 20 au 30 za kuja mbele, na hizo hatua zako mia ni kama mita 70 na kitu tu.

Na hapo inaingia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaiweka ardhi ya ndani ya mita 60 za ziwa kwenye kundi la ardhi hatarishi. Toa mita 60 kwenye 70 zako ubaki na ngapi, tena za Oktoba. Maji yakisogea, mita zako zinapungua na nyumba haijahama hata inchi. Kwa upande wa bima hii sio habari ya mazingira tu, siku ya madai mtu wa kampuni anaweza akauliza kibali cha ujenzi kiko wapi na kiwanja kilipimwa lini, na nyumba isiyo na majibu ya hayo inaanza madai ikiwa na mguu mmoja. Kwa hiyo nenda ofisi ya ardhi ya manispaa ufanye upekuzi rasmi, uone kama kuna hati, ni ya miaka mingapi, matumizi yaliyoandikwa ni yapi, na jina ni la huyo anayekuuzia kweli.

Sasa hiyo tofauti ya bei, milioni 35 kati ya Kibirizi na Mwanga. Wengi wanaiona kama bahati. Mimi naiona kama bei ya maji, soko limeshapiga hesabu kabla yako, wenyeji wanajua, ndiyo maana mnunuzi anatafutwa Dodoma. Na inakuletea mtego mwingine kwenye bima ambao naomba uusome polepole. Bei ya kununua imeshuka kwa sababu ya mahali, lakini tofali, saruji, bati na fundi haviuzwi rahisi eti kwa sababu uko ufukweni. Tuseme kuijenga upya hiyo nyumba ni milioni 60. Benki wao wanajali mkopo wao, tuseme milioni 30, wakaikatia bima ya milioni 30. Upepo ukaezua bati na kuangusha ukuta, hasara milioni 12. Wewe unawaza 12 iko ndani ya 30, nalipwa yote. Hapana, kuna kanuni ya wastani, umekatia nusu ya gharama basi kila hasara unalipwa nusu, milioni 6, halafu wanatoa ekses, ile sehemu ya mwanzo unayobeba mwenyewe, tuseme asilimia 10, unabaki na milioni 5 na laki 4. Na kwa kuwa benki wameandikwa kwenye polisi, hela inaweza ikapitia kwao kwanza. Kwa hiyo popote utakaponunua, hata kama sio Kibirizi, mwambie mthamini aliyesajiliwa akuandikie gharama ya kujenga upya kando na bei ya soko, hizo ni namba mbili tofauti, na bima ikatwe kwa ile ya kujenga upya.

Fikiria pia na kuuza. Leo wewe una hamu, lakini siku ukitaka kutoka, atakayenunua naye atataka mkopo, benki yake itatuma mthamini, mthamini ataandika alichokiona. Kampuni za bima zikigoma kukava mtaa, anayeweza kununua pale ni mwenye hela taslimu tu, na hao ni wachache na wanajua kubana. Bei inashuka hata mwaka ambao maji hayajagusa mtu.

Ukienda kuiangalia tena nyumba acha kuangalia bati, angalia chini. Piga magoti kabisa. Tafuta mstari kwenye plasta, mara nyingi uko kati ya kifundo na goti, rangi ya juu yake ni ya zamani na ya chini yake ni mpya, au wamebandika marumaru kidogo pale chini tu kuzunguka chumba. Angalia soketi kama zimepandishwa juu kuliko kawaida. Fungua milango ya ndani uone chini yake. Uliza shimo la choo lilihamishwa lini na kwa nini. Kisha ondoka na dalali, rudi mwenyewe jioni ukaongee na akina mama wanaoanika dagaa, waulize 2021 maji yalifika wapi, watakunyooshea kidole bila kusita. Na ukishajua, umejua, fomu ya bima ikiuliza kama eneo limewahi kupata mafuriko andika ndiyo. Ukificha polisi inaweza kufutwa siku ile ile unayoihitaji, haijalishi umelipa miaka mingapi.

Usije ukadhani nakusukuma Mwanga kwa macho yaliyofumbwa. Huku juu nako kuna yake, makorongo yanakula viwanja kila masika, maji ya mvua ya mlimani yanashuka na kujikusanya mabondeni, bonde la Katubuka linajulikana kwa hilo. Na tetemeko halichagui, tuko juu ya bonde la ufa, Desemba 2005 lilipiga la 6.8 hapa hapa ziwani likabomoa nyumba Kalemie, na Septemba 2016 Bukoba lilikuwa 5.9 tu na maelfu ya nyumba yakaharibika. Ila tofauti ni kwamba hatari za juu nyingi unaweza kuzifanyia kitu, unajenga mtaro, unaweka mkanda wa zege juu ya kuta, unaacha umbali na korongo, na tetemeko ni tukio lenye tarehe na saa, kava yake ya nyongeza inasomeka vizuri. Ziwa kupanda hulifanyii kitu. Afu mchanga wa ufukweni uliolowa nao hulegea tetemeko likipiga, kwa hiyo ile ya Kibirizi inaumia huku na huku.

Maoni yangu, na nayasema kwa moyo mweupe: kwa mkopo wa miaka 15 usiinunue, hata kwa 45, hata wakishuka 38. Deni refu juu ya kiwanja kifupi linakula mshahara wa mwalimu mpaka anastaafu. Kama moyo wako uko ufukweni, basi iwe hela yako mkononi, na kitu unachoweza kukipoteza bila familia kulala nje, banda la biashara, chanja za dagaa. Nyumba ya kulala watoto ipande juu, hata ikiwa vyumba viwili kwanza.

Kama bado unataka kuendelea nayo, usitoe advansi mpaka umeandikiwa. Muombe broka au kampuni barua inayosema wazi kwamba mafuriko ya ziwa yanabebwa kwa nyumba hiyo, kiwanja hicho, ekses ni kiasi gani, na wakishafika wewe mwenyewe uwaonyeshe ule mstari ukutani wakiwa wanapiga picha. Wakikataa kuandika umeshapata jibu la swali lako na hujapoteza hata mia. Ukilipia, kumbuka kava inaanza hela ikishaingia na sio ulipoahidi, na uhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwamba polisi yako imesajiliwa kweli. Ikitokea mgogoro wa madai mbele ya safari, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, malalamiko yanapokelewa pale kabla ya kufikiria mahakama. Na polisi yenyewe, ile yenye kurasa zote za masharti, sio ile karatasi moja ya kava noti inayoonyesha tu kwamba umekatiwa bima, nitumie niisome kabla hujasaini.